Bunduki ya babu isomwe kwanza kabla haijateketezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, nalo ni namna tunavyozitendea bunduki kuukuu zilizobaki katika nyumba zetu. Ni zile ambazo babu zetu walizificha darini au walizizika zizini, na ambazo leo hutolewa kwa sababu moja kati ya mbili: ama Jeshi la Polisi limetangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, ama mtu amefika kijijini akiuliza nani ana bunduki ya Mjerumani. Kwa vyovyote vile, bunduki huondoka mikononi mwa familia bila mtu yeyote kuitazama sawasawa. Ombi langu ni kwamba itazamwe. Ikaguliwe na mtu anayejua, alama zake zisomwe, habari zake ziandikwe pamoja na habari za watu walioitunza, ndipo sheria ichukue mkondo wake.

Niseme mapema kwamba siandiki kutetea umiliki wa silaha bila leseni. Bunduki isiyo na leseni ni kosa hata kama mtutu wake umeliwa na kutu na hata kama hakuna aliyeifyatua tangu enzi za mkoloni, na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutungwa kwa ajili ya majambazi peke yao. Mwenye nayo aipeleke kituoni. Familia yetu ilifanya hivyo, ingawa ilichelewa mno, na kuchelewa huko kulitugharimu kama nitakavyoeleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Uhehe. Katika nyumba ya baba yangu mdogo, ambaye sasa amevuka miaka themanini, kulikuwa na bunduki iliyoviringishwa kwenye gunia na kulazwa juu ya dari la jikoni, mahali ambapo moshi wa kuni uliikinga na mchwa. Tulikua tukiambiwa kwamba ni bunduki ya Lugalo. Kwa msomaji asiye wa kwetu, Lugalo ni pale karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake, wakaondoka na bunduki zinazotajwa kufikia mia tatu hivi. Tangu hapo kila ukoo wa huku wenye chuma cha zamani husema chuma hicho kilitoka Lugalo. Nasi tulisema hivyo hivyo, kwamba baba yake babu aliinyakua bunduki ile kutoka mikononi mwa askari aliyeanguka. Mimi mwenyewe niliwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kwa miaka mingi kana kwamba imethibitishwa, na jambo hilo linanisikitisha hadi leo, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto kuuliza ushahidi.

Mwaka jana walifika watu wawili kwa pikipiki, wageni kabisa, wakasema kwamba kuna mnunuzi mjini anayelipa mamilioni kwa bunduki yoyote ya Mjerumani iliyoandikwa Berlin. Wasomaji wa mikoa mingi watawatambua watu wa namna hii, kwa sababu ndio hao hao wanaotafuta rupia za Mjerumani na kuchimba usiku chini ya miti ya zamani wakiamini kuna hazina. Baba mdogo aliishusha bunduki. Kijana mmoja wa ukoo wetu, akitaka maandishi yaonekane vizuri, alichukua msasa wa seremala akausugua mtambo wote mpaka ukang'aa. Wageni wakaona neno Berlin, wakafurahi, wakadai kwanza walipwe gharama za kumleta mtaalamu na kifaa chake cha kupimia. Walipewa fedha ambazo zilitokana na mahindi ya msimu mzima, na hawakuonekana tena. Fedha ile naweza kuisamehe. Msasa siwezi, kwa sababu ulifuta kwa dakika kumi kitu ambacho kutu ilikuwa imekistahi kwa miaka mia moja.

Baada ya hapo ndipo nilipoitwa, na siku ya pili yake tukaipeleka bunduki kituo cha polisi mimi na baba mdogo. Tulipokewa kwa heshima. Nilimwomba mkuu wa kituo atukubalie jambo moja, kwamba kabla bunduki haijapelekwa inakopelekwa, mzee mmoja ninayemfahamu, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini kwa muda mrefu na ambaye amesoma sana habari za bunduki za zamani, aje aikague pale pale kituoni mbele ya askari. Mkuu wa kituo alikubali. Najua kwamba hakulazimika kukubali, na katika kituo kingine tungeweza kujibiwa kwamba silaha ni silaha, tukaambiwa twende zetu. Mambo niliyojifunza katika saa mbili za ukaguzi ule ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Mzee yule hakuanza na maandishi. Alianza kwa kuelekeza mtutu ukutani, akavuta bolti, yaani kile chuma chenye mpini kinachofungua na kufunga chumba cha risasi, akatazama kama kuna risasi ndani, akaingiza kidole kuhakikisha, na akatueleza kwamba bunduki ya kurithi ni lazima ichukuliwe kuwa ina risasi mpaka mtu aone kwa macho yake kwamba haina, kwa sababu wapo wazee waliozificha zikiwa tayari kwa kazi. Kisha akaomba penseli ya kawaida ya mwanafunzi. Alijaribu kuiingiza kwenye mdomo wa mtutu, ikakataa. Akamgeukia baba mdogo, akamwambia kwa upole kwamba bunduki hii haikuwapo Lugalo.

Sababu yake ni rahisi, na nitaieleza kwa kuwa kila familia yenye bunduki ya aina hii inaweza kunufaika nayo. Askari waliokuwa na Zelewski walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, ambayo hupakiwa risasi moja tu kwa wakati mmoja na hutumia baruti nyeusi. Penseli hupenya kwenye mtutu huo na kuchezacheza ndani yake. Bunduki yetu ilikuwa na mtutu wa milimita 6.5, mwembamba kuliko penseli, na chini ya mtambo ilikuwa na kasha la risasi tano. Mitutu myembamba ya namna hiyo ililetwa na baruti isiyo na moshi, ambayo majeshi ya Ulaya yalianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1891 hakuna askari wa Kijerumani katika nchi hii aliyekuwa na bunduki ya namna ile.

Ubavuni, upande wa kushoto, yalikuwapo maneno ambayo wale wageni wa pikipiki waliyashangilia: Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, Berlin. Ni kweli kwamba kiwanda hicho kilikuwa Ujerumani. Lakini kiwanda huuza kwa yeyote anayelipa, na jina la kiwanda peke yake halimwambii mtu ni jeshi gani lililoishika bunduki. Jambo hilo hutafutwa juu ya mtambo, mahali mtutu unaposhikamana nao, ambapo mataifa mengi yalikuwa yakipiga mhuri wa mfalme au wa dola. Hapo ndipo msasa wa kijana wetu ulipopita kwa nguvu zaidi. Mzee aliinamisha bunduki dirishani, akaigeuza pole pole mpaka mwanga ukaangukia ubavu ubavu, akaona mabaki ya taji, na chini ya taji mkunjo wa herufi C. Hiyo ni alama ya Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno, yule aliyeuawa Lisbon mwezi Februari 1908. Akatuonyesha pia jinsi mpini wa bolti ulivyopita katikati ya ufa uliokatwa kwenye daraja la nyuma la mtambo, yaani kile chuma kinachopita juu ya njia ya bolti, tofauti na Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, ambayo mpini wake hukaa nyuma ya daraja hilo. Bunduki yetu ilikuwa Mauser-Vergueiro, iliyoitwa kwa jina la José Alberto Vergueiro, ofisa wa Kireno aliyeurekebisha mtambo wake, na iliyokubaliwa na jeshi la Ureno mwaka 1904. Takriban laki moja zilitengenezwa. Kwa maneno mengine, bunduki yetu ya Lugalo ni changa kwa miaka 13 kuliko Lugalo.

Sasa bunduki ya Mreno ilifikaje kwenye dari la jikoni Uhehe? Mzee aliuliza swali moja tu: katika ukoo wenu, ni nani aliyekuwa kijana wakati wa vita vya mwaka 1914? Nilimjibu kwamba ni babu, baba yake baba mdogo, aliyefariki mwaka 1969 nikiwa na umri wa miaka kumi na minne. Akauliza kama alikuwa akisimulia vita. Nikasema hapana, babu hakuwahi kusimulia vita yoyote. Hapo shangazi yangu, aliyekuwa ametusindikiza na alikuwa amekaa kimya muda wote, akasema: "Lakini si alikuwa na maji yake ya Lugenda?"

Ni kweli. Tulipokuwa watoto, mtu akilalamika njaa au uchovu, babu alikuwa akisema, "Mimi nimekunywa maji ya Lugenda." Sisi tuliyachukua maneno hayo kuwa msemo wa wazee. Shangazi aliamini miaka yote kwamba Lugenda ni dawa chungu ya miti shamba. Kumbe Lugenda ni mto wa Msumbiji unaomwaga maji yake Ruvuma, na mahali mito hiyo miwili inapokutana panaitwa Ngomano. Tarehe 25 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii, akiwa anafukuzwa na Waingereza na akiwa amebakiwa na askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, alivuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno hapo Ngomano. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa, na Wajerumani wakapata mamia ya bunduki pamoja na risasi zake nyingi. Ikumbukwe kwamba vita vilipoanza makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado yanabeba ile bunduki ya mwaka 1871, ambayo moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Baada ya Ngomano wengi waliitupa bunduki hiyo, wakachukua ya Mreno. Waliposalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, bunduki walizokabidhi zilikuwa 1,071, na zote zilihesabiwa kuwa za Waingereza na Wareno.

Njia waliyopita kurudi inatuhusu zaidi. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi lile lilivuka tena Ruvuma na kuingia nchini, likapita upande wa Songea na kufika Ubena, katika nchi ya Njombe, mwezi Oktoba, na huko Ubena likawaacha wagonjwa wake, akiwamo Jenerali Wahle, mmoja wa makamanda wake. Kutoka Ubena mpaka kwetu ni mwendo ambao kijana mwenye miguu mizuri aliumaliza kwa muda wa wiki moja hivi. Mzee fundi alikuwa mwangalifu sana hapa, na uangalifu huo ndio niliouheshimu kuliko ujuzi wake wa alama. Alisema kwamba chuma kinathibitisha kilikotengenezwa, kilitengenezwa kwa ajili ya nani na takriban lini, lakini hakithibitishi mkono uliokileta. Babu angeweza kuwa askari. Angeweza kuwa mpagazi aliyechukuliwa kwa nguvu kama maelfu ya wengine, akaokota bunduki ya mtu aliyekufa njiani na kutoroka nayo. Angeweza hata kuinunua miaka iliyofuata kutoka kwa mtu mwingine, isipokuwa hapo maji ya Lugenda yangekosa maelezo. Tuliandika yote matatu kwenye karatasi, kila moja na uzito wake.

Sitaficha kwamba habari hii haikupokewa kwa furaha nyumbani. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba ukoo wake ulimpokonya Mjerumani silaha Lugalo, halafu akaambiwa kwamba huenda baba yake alitembea chini ya bendera ya Mjerumani huyo huyo, anahitaji muda wa kulimeza jambo hilo. Baba mdogo hakuzungumza njia nzima tulipokuwa tunarudi. Baada ya siku kadhaa aliniita, akaniuliza vita ile ilidumu miaka mingapi, wapagazi walikula nini, na waliofia njiani walizikwa wapi. Nilimweleza ninayoyajua kuhusu njaa, maradhi, mizigo ya vichwani na vijana waliotolewa vijijini kwa kamba. Akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini baba yake hakuweza kuvumilia kuona chakula kinamwagwa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kusikia maelezo ya vita vya Wazungu katika ardhi yetu yaliyonigusa kama maneno hayo, nayo yalitoka kwa mtu ambaye wiki moja kabla hakujua kwamba baba yake alikuwa sehemu ya vita hivyo.

Hiyo ndiyo thamani ninayoizungumzia. Kuhusu fedha, naomba niseme wazi ili wale wa pikipiki wapungukiwe wateja. Bunduki kuukuu haina zebaki ya ajabu ndani yake, wala neno Berlin haliigeuzi kuwa dhahabu, kwa sababu viwanda vya Ujerumani vilitoa bunduki kwa mamia ya maelfu na nyingi zipo hadi leo. Huko Ulaya na Marekani, ambako biashara ya bunduki za kale ni halali chini ya masharti yao, mkadiriaji huangalia kama nambari iliyo kwenye mtutu inafanana na iliyo kwenye bolti na kwenye sehemu nyingine, kama mbao za kitako ni zile zile za awali, kama mihuri inasomeka, na zaidi ya yote kama kuna maandishi au ushahidi unaoiunganisha bunduki na mtu fulani na mahali fulani. Yetu ilikuwa na bolti yake yenyewe, lakini kitako kilivunjika zamani na kikafungwa kwa waya na ngozi mbichi, na mhuri umelika. Kwa mnunuzi wa mbali hizo ni kasoro. Kwa mwanahistoria, waya ule na ngozi ile vimebeba habari kubwa kuliko mtutu, kwa maana vinaonyesha mkono wa fundi wa kwetu aliyeamua kwamba chuma hiki lazima kiendelee kufanya kazi. Na hapa nchini hakuna njia halali ya kumuuzia mgeni wa pikipiki silaha isiyo na leseni, kwa hiyo familia inayosubiri mamilioni inasubiri kesi.

Lipo pengo katika sheria ambalo ningependa wabunge wetu walitazame. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda urithi wetu, imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa nchini kabla ya mwaka huo ni cha kale kwa nguvu ya sheria yenyewe. Bunduki za Lugalo, za Majimaji na za vita vya 1914 zote zimeachwa upande wa pili wa mpaka huo, na kwa kuwa zilitengenezwa ng'ambo, ni vigumu zaidi kuziingiza kwenye ulinzi wowote. Matokeo yake ni kwamba dola inaitambua bunduki ya namna hii kwa sura moja tu, sura ya silaha haramu, nayo inapokusanywa pamoja na magobore ya majangili na bunduki za kivita zilizovuka mipaka yetu ya magharibi, yote hukatwakatwa au kuchomwa kwa pamoja. Nakubaliana kabisa na uteketezaji wa silaha zinazoua watu wetu. Ninachokipinga ni kuteketeza kitu ambacho hakikusomwa.

Hata magobore nayo yanastahili jicho la pili. Mengi ya yanayosalimishwa yamefuliwa miaka ya karibuni kwa mabomba ya maji, na hayo yanajulikana kwa kuyatazama tu. Lakini miongoni mwake hujitokeza gobore la kweli la zamani, lenye mdeki wake, yaani fimbo ya kushindilia baruti, chini ya mtutu na mtambo uliopigwa mhuri wa taji na neno Tower kwa herufi za Kiingereza, aina iliyoingia bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo, Kilwa na Pangani, kabla mataifa ya Ulaya hayajakubaliana huko Brussels mwaka 1890 kuzuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu hii ya Afrika. Bunduki kama hiyo ina uhusiano na biashara ya watumwa na biashara ya pembe, na kuitupa motoni pamoja na bomba la maji ni hasara isiyorudishika.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi na kwa Makumbusho ya Taifa ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kila unapotangazwa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, mtumishi mmoja wa makumbusho aruhusiwe kufika kwenye ghala la silaha la mkoa kabla ya siku ya uteketezaji, akiwa na kamera, tochi, rula na daftari. Azitenge zile zinazoonekana kuwa za kabla ya 1918, azipige picha mihuri na nambari zake, na aandike kijiji zilikotoka. Aliyesalimisha aulizwe maswali matatu au manne kuhusu babu yake bila kutishwa na bila kuandikiwa kosa, kwa kuwa ndani ya muda wa msamaha sheria yenyewe imemhakikishia usalama. Chache zitakazoonekana kuwa na uzito zizibwe mtutu na kutolewa kifyatulio mbele ya polisi ili zisiweze kuua tena, kisha zipelekwe mahali zinapohusika, kama Makumbusho ya Majimaji kule Songea, makumbusho ya Kalenga linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, au Boma la Iringa. Nyingine ziteketezwe, lakini picha na maelezo yake yabaki. Nchi ambayo imekuwa ikidai kwa haki kabisa kurudishiwa mali na mabaki ya watu wake yaliyo katika makumbusho ya Ujerumani itasikika vizuri zaidi ikiwa inaziandika mali zilizobaki mikononi mwake.

Kwa familia zenye bunduki hizi, nasema kwa uchungu wa aliyepoteza: msiisugue. Msitumie msasa, brashi ya waya, mchanga wala majivu. Kitambaa kikavu kinatosha. Msijaribu kuifyatua kuona kama bado inafanya kazi, kwa maana chuma kilichooza ndani hupasuka usoni mwa mwenye kufyatua, na risasi za zamani hazina uaminifu. Msibadilishe kamba, waya au ngozi iliyofungiwa na wazee. Kabla hamjaipeleka kituoni, mketi na mzee aliyebaki, mwandike maneno yake kama anavyoyasema, hata yale yanayoonekana kuwa hayahusiani na bunduki, kwa sababu kama tungemuuliza babu maana ya maji ya Lugenda akiwa hai, leo tungejua kama alikuwa askari au mpagazi, tungejua jina la kampuni yake au la msafara wake, na pengine tungejua majina ya wenzake ambao hawakurudi.

Bunduki yetu bado imo katika ghala la polisi. Tumeandika barua kuomba ipelekwe makumbusho pamoja na karatasi ya ukaguzi na maelezo ya shangazi, na tumeahidiwa kwamba haitateketezwa kabla ombi halijajibiwa. Wakati tukisubiri, nawaomba wasomaji wa Njombe, Songea, Tunduru, Newala na Masasi, yaani wale wanaokaa kwenye njia ya jeshi lile la 1917 na 1918, watusaidie. Ikiwa katika ukoo wenu ipo au ilikuwapo bunduki yenye mtutu usiopitisha penseli, yenye jina la Berlin ubavuni na taji lenye herufi C juu yake, au ikiwa palikuwa na mzee aliyependa kuitaja Lugenda, Lurio au mto mwingine wa ng'ambo ya Ruvuma, muandikieni Mhariri, ambaye anayo anwani yangu. Baba mdogo ana maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu, na angependa kuyauliza kwa watu ambao baba zao walipita njia moja na baba yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Iringa